Simba Asiyenguruma kwa Sauti Yake

Wiki mbili zilizopita shangazi yangu, ambaye ndiye msambazaji mkuu wa habari katika kundi la WhatsApp la familia yetu, alitutumia picha ya simba aliyelazwa juu ya meza na kufungwa mikanda, huku mtambo mkubwa wa mviringo ukimkabili kichwani. Maandishi yaliyoambatana nayo yalidai kwamba hivyo ndivyo studio ya MGM ilivyomtesa simba wake ili kuipata ile ngurumo inayofungua filamu zake, na yalimalizika kwa kumsihi kila aipatayo awatumie wengine. Nilimjibu kwa heshima kwamba picha ile ni ya simba mgonjwa huko Israel aliyekuwa akipimwa na madaktari wa wanyama, na kwamba haihusiani na sinema hata kidogo. Shangazi hakukasirika. Aliuliza tu: "Basi kama huyo siye, mwenyewe ni yupi?"

Swali hilo lilinikalia vibaya, kwa sababu jibu lake sahihi ni kwamba simba mwenyewe si mmoja, na hata hao walio wengi, hakuna ambaye sauti yake ndiyo tunayoisikia leo. Nimekuwa nikifundisha kwa miaka mingi na nimezoea kujibu maswali kwa sentensi mbili. Hili lilinishinda, ndiyo maana naliandikia hapa kwa urefu.

Kwanza niseme kwa nini jambo hili linanigusa kuliko linavyopaswa kumgusa mtu mzima mwenye kazi. Ninaishi Lang'ata, upande ambao ua wa umeme ndio unaotutenganisha na Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, ile ya kilomita za mraba 117 iliyotengwa mwaka 1946, ikawa mbuga ya taifa ya kwanza nchini Kenya. Usiku magari yanapopungua barabarani, na hasa kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri, huwa tunasikia simba. Hatuwasikii kila usiku, lakini tunawasikia mara za kutosha kiasi kwamba mtoto wa jirani halii tena akiamshwa nao. Mtu aliyelelewa na sauti hiyo, kisha akaketi katika ukumbi wa sinema mbele ya simba wa MGM, hupata hisia kwamba kuna mahali mambo hayalingani, ingawa inaweza kumchukua miaka kujua ni wapi.

Nembo yenyewe ni ya zamani kuliko studio yake. Ilibuniwa na Howard Dietz, kijana wa matangazo aliyekuwa akiifanyia kazi Goldwyn Pictures, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1916. Dietz alikuwa amesoma katika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, ambacho mnyama wa nembo yake ya michezo ni simba, naye akaona hakuna haja ya kutafuta mbali. Alimchukua mnyama wa chuo chake, akamzungushia utepe wa filamu uliopindwa ukawa duara, na juu ya duara hilo akaandika maneno ya Kilatini: Ars Gratia Artis, yaani sanaa kwa ajili ya sanaa. Baadaye Dietz alijulikana zaidi kama mtunzi wa maneno ya nyimbo za majukwaa ya Broadway, lakini sidhani kama kuna ubeti wake wowote uliosomwa na watu wengi kama maneno hayo matatu.

Mwaka 1924 Marcus Loew, tajiri aliyemiliki kumbi nyingi za sinema na aliyehitaji filamu za kutosha kuzijaza, aliunganisha kampuni tatu: Metro Pictures, Goldwyn Pictures na ile ya Louis B. Mayer. Hapo ndipo zilipotoka herufi M, G na M. La kuchekesha ni kwamba Samuel Goldwyn, mwenye hilo jina la katikati, alikuwa ameondolewa katika kampuni yake mwenyewe miaka miwili kabla, na hakufanya kazi MGM hata siku moja. Kwa hiyo studio ilianza maisha yake ikiwa na jina la mtu asiyekuwemo, mnyama wa chuo cha watu wengine, na kauli ya kuitukuza sanaa tupu iliyowekwa juu ya biashara iliyoundwa ili viti vya kumbi visikae wazi. Silisemi hili kwa kuishutumu. Nembo nyingi huundwa hivyo, kwa vitu vya kuazima. Ila kwa huyu simba, tabia ya kuazima haikukoma kamwe.

Ukiitazama nembo ile kwa makini utaona ustadi wake uko wapi. Si mchoro wa simba, bali ni fremu iliyoachwa tundu katikati, na ndani ya tundu hilo anakaa simba hai, anayepumua, anayepepesa macho. Utepe wa filamu unajikunja pande zote mbili za duara kama ukili ambao haujashonwa, na chini yake kipo kinyago cha tamthilia kinachowakumbusha watazamaji jukwaa la kale. Kila kitu kimetulia isipokuwa mnyama. Jicho halina pa kwenda ila kwake. Studio nyingine za wakati ule zilikuwa na mlima, zilikuwa na dunia inayozunguka, zilikuwa na mwanamke aliyeshika mwenge, vitu vizuri vyote, lakini hakuna kati ya hivyo ambacho kingeweza kumgeukia mtazamaji na kumtazama.

Simba wa kwanza aliitwa Slats. Alizaliwa mwaka 1919 katika bustani ya wanyama ya Dublin, Ireland, kwa hiyo hakuwahi kuiona savana. Alitumika kuanzia mwaka 1924 hadi 1928, enzi ya filamu bubu, na alichokifanya ni kuketi tu na kugeuza kichwa, akitazama huku na huku. Hakufungua kinywa. Wengi humhesabu kama simba wa utangulizi, yule wa kabla ya mambo kuanza. Mimi nampenda kuliko wote waliomfuata. Wahenga walisema simba mwenda pole ndiye mla nyama, na Slats ndiye pekee katika ukoo huu anayenikumbusha simba halisi wa mbugani saa sita mchana, ambaye hana haja ya kumthibitishia mtu kitu. Alikufa mwaka 1936, na ngozi yake bado inaonyeshwa katika jumba la makumbusho la mji wa McPherson, jimbo la Kansas.

Kabla sauti haijaingia, kulikuwa na kioja cha ndege. Mwezi Mei mwaka 1927 Charles Lindbergh alivuka Atlantiki peke yake, na dunia nzima ikashikwa na wazimu wa ndege. Watu wa matangazo wa MGM wakaamua kwamba simba wao naye arushwe, kutoka San Diego hadi New York, bila kutua. Walichukua ndege ya Ryan, kampuni ileile iliyomtengenezea Lindbergh yake, wakaweka kizimba cha kioo nyuma ya kiti, na usukani wakampa Martin Jensen, rubani aliyekuwa ametoka kushika nafasi ya pili katika mashindano ya kuruka hadi Hawaii. Septemba mwaka huo ndege ilipaa, ikafika Arizona, ikaanguka milimani. Jensen alitoka akiwa hai, akamwachia simba maji na chakula chake cha safari, kisha akatembea kwa siku kadhaa akitafuta msaada. Waliporudi walimkuta simba mzima. Studio ilifurahi mno. Ajali iliwapa magazeti mengi kuliko ambavyo safari salama ingewapa.

Mwaka 1928 ndipo simba aliposikika. Huyu aliitwa Jackie, na asili yake ni Sudan, kwa hiyo angalau alikuwa Mwafrika. Filamu ya kwanza aliyoitangulia kwa sauti ilikuwa White Shadows in the South Seas, na sauti yenyewe ilitoka katika santuri. Nadhani jambo hili linastahili kutafakariwa kidogo. Watazamaji wa siku zile walimwona simba kwenye pazia, lakini walichokisikia kilikuwa kimechongwa katika mifereji ya sahani nyeusi iliyozungushwa pembeni. Picha na sauti zilikuwa vitu viwili tofauti, vilivyokutana ukumbini kama wasafiri wawili wanaoshiriki kiti cha matatu. Ipo picha mashuhuri ya mwaka huo inayomwonyesha Jackie ameketi juu ya jukwaa dogo, mbele yake kamera na mafundi wawili, wamekaa karibu naye kiasi kwamba angeweza kuwafikia kwa hatua moja. Kila nikiiona najiuliza ni yupi kati yao aliyemwambia mwenzake kwamba mambo yatakuwa sawa.

Jackie anaguna, anapumzika, anaguna tena, kisha anageuza uso pembeni kama mtu aliyeitwa jina kutoka chumba kingine. Mgeuko huo wa mwisho ndio ulionifanya nimpende. Ndiye aliyefungua filamu za rangi nyeusi na nyeupe za MGM kwa karibu miaka thelathini, na ndiye anayeonekana, kwa rangi ya hudhurungi, mwanzoni mwa The Wizard of Oz ya mwaka 1939.

Rangi zilipokuja, Jackie hakufaa tena, kwa sababu filamu iliyopigwa nyeusi na nyeupe haiwezi kugeuka dhahabu kwa kutakiwa. Walipita simba wawili wa majaribio, Telly na Coffee, nao sina mengi ya kusema juu yao. Kisha akaja Tanner, simba wa Technicolor, aliyeanza kutumika mwaka 1934 na kudumu hadi katikati ya miaka ya 1950. Tanner ndiye simba wa utoto wangu, na nina hakika ndiye simba wa utoto wa wengi wanaosoma hapa, hata kama hawalijui jina lake, kwa sababu ndiye aliyetangulia vibonzo vya Tom na Jerry. Nyumbani kwetu televisheni ilikuwa moja, tena iliyopigwa makofi ubavuni kila ilipoanza kutetemeka, na simba huyo aliponguruma mara tatu ndipo watoto wote wa ploti walipokimbilia mlangoni, wengine na sahani zao. Baadaye, katika vile vibonzo vya Chuck Jones vya miaka ya 1960, simba ananguruma, kisha mahali pake ndani ya duara anatokea Tom, ambaye anatoa mlio wa paka. Tulicheka kila mara. Sikujua wakati huo kwamba mzaha ule ulikuwa na ukweli zaidi ya ule tulioucheka.

Mjomba wangu, mdogo wa mwisho kwa upande wa mama, aliwahi kuendesha mashine za filamu katika ukumbi mmoja wa katikati ya jiji, enzi ambazo kwenda mjini Jumamosi kulimaanisha Kenya Cinema, Odeon au 20th Century, na enzi ambazo mzunguko wa barabara unaoitwa Globe hadi leo ulikuwa na ukumbi wa Globe wa kulitetea jina hilo. Yeye ndiye aliyenifafanulia kwa nini, katika kumbukumbu zangu zote za ukumbini, simba yule anaonekana ndani ya mvua. Filamu ilikuja katika magurudumu kadhaa, na sehemu inayochakaa haraka kuliko zote ni mwanzo na mwisho wa kila gurudumu, kwa sababu hapo ndipo vidole hushika, hapo ndipo utepe huburutwa sakafuni wakati wa kuupitisha katika meno ya mashine, na hapo ndipo hukatika ukaungwa. Nembo ya studio hukaa mwanzo kabisa wa gurudumu la kwanza. Kwa hiyo nakala ilipokuwa imezunguka miji mingi kabla ya kufika kwetu, simba ndiye aliyekuwa amebeba mikwaruzo yote ya safari. Mjomba alinionyesha kwa mkono, akiupitisha hewani kana kwamba utepe bado uko kati ya kidole gumba na cha shahada: hapa herufi, hapa simba, hapa majina ya wacheza sinema. Alisema aliweza kumtambua simba gizani kwa kupapasa, kwa wingi wa viungo vya gundi vilivyomzunguka. Kuna usiku mmoja ngurumo ya pili ilikuwa imekatwa kabisa na fundi wa ukumbi mwingine, na watu wa viti vya mbele, waliokuwa wamezoea kuhesabu, wakapiga mluzi wakidai ya kwao.

Mwaka 1956 aliletwa simba aliyeitwa George, mwenye manyoya mengi ya shingoni, akatumika kwa muda mfupi. Mwaka 1957 akaja Leo, na huyo ndiye aliyebaki. Ukimtazama vizuri utaona alikuwa kijana: manyoya yake ya shingoni ni mafupi kuliko ya wote waliomtangulia. Inanishangaza kwamba katika simba wote hao waliopita, aliyedumu zaidi ya miaka sitini ni yule ambaye hakuwa amemaliza kukua. Jina Leo nalo lilikuwa limetumika kwa miaka mingi kama jina la cheo, likipewa kila aliyeketi ndani ya duara, mpaka hatimaye likampata simba ambaye lilikuwa jina lake kweli.

Ni mara chache studio imemnyamazisha. Katika Ben-Hur ya mwaka 1959, inayoanza na kuzaliwa kwa Yesu, mwongozaji William Wyler aliona si adabu mnyama kubweka mlangoni pa hori la Bethlehemu, akaomba simba awekwe kama picha iliyotulia, kinywa kimefungwa. Alikubaliwa. Halafu katikati ya miaka ya 1960 walijaribu kumwondoa simba hai kabisa na kuweka badala yake kichwa cha simba kilichochorwa kwa mistari michache ndani ya duara. Mchoro huo ulitangulia filamu chache tu, mojawapo ikiwa 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968, ambamo kwa maoni yangu unafaa sana, kwani filamu ile haikuhitaji mnyama mwenye joto la mwili. Baada ya hapo mchoro uliachiwa santuri na mahoteli, na Leo akarudishwa kazini.

Sasa nifike kwenye sauti, ambako ndiko nilikokuwa nikielekea tangu mwanzo. Mwaka 1982 fundi wa sauti Mark Mangini alikuwa akiitengenezea MGM sauti za filamu ya Poltergeist, akapewa kazi ya kumtengenezea simba ngurumo mpya. Alichotumia si simba. Alitumia sauti za simbamarara, yule paka mkubwa mwenye milia wa Asia, akizichanganya mpaka zikalingana na kinywa cha Leo kinavyofunguka. Sababu aliyoitoa ni rahisi: simba hawatoi sauti kali ya namna ile. Mwaka 1995 alizitengeneza upya kwa mitambo bora zaidi. Kwa hiyo kwa miaka arobaini na ushei dunia nzima, ikiambiwa iige simba, humwiga mnyama mwingine.

Nilipolisoma jambo hilo mara ya kwanza nilivaa visikizi, nikaipunguza kasi ya video ya nembo kwenye kompyuta na kuitazama picha baada ya picha. Ilikuwa dhahiri mno kiasi cha kuona haya kwamba sikuiona mapema. Midomo ya Leo inavutwa nyuma, meno yako nje, pua imekunjamana, macho yamefinyika. Huo ni uso wa mnyama anayemfokea kitu kilicho karibu naye, pengine fimbo ya mwalimu wake. Simba anayenguruma hafanyi hivyo. Hushusha kichwa, husogeza midomo mbele, na mbavu zake ndizo zinazofanya kazi, zikiingia na kutoka kama mvukuto wa mhunzi. Hana hasira. Anatangaza. Huanza kwa mlio wa chini kama wa kuugua, akapanda kwa ngurumo kamili chache, kisha akamalizia kwa mfululizo wa miguno mifupi inayopungua nguvu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba nyuzi za sauti za simba, kwa jinsi zilivyo bapa na kujazwa mafuta ndani, humwezesha kutoa sauti nzito bila kutumia pumzi nyingi. Akiwa karibu, ngurumo hiyo hufikia desibeli 114, na usiku ulio kimya husikika umbali wa kilomita nane. Kutoka uani kwa mbuga hadi katikati ya jiji la Nairobi hapafiki hata umbali huo.

Sikuridhika na kompyuta peke yake. Soja wa mtaani kwetu ni mzee kutoka upande wa Narok aliyechunga ng'ombe utotoni, na katika mambo ya simba namheshimu kuliko video yoyote. Nilimfuata langoni jioni, nikampa simu, nikamwomba asikilize bila kutazama. Alisikiliza mara mbili. Akauliza kama huyo ni chui. Nilipomwonyesha picha alitikisa kichwa.

"Mwalimu, huyu hajanguruma. Huyu kuna mtu amemsimamia karibu, naye hataki."

"Na akinguruma, mzee, anasemaje?"

"Si unajua. Anauliza nchi hii ni ya nani, halafu anajijibu mwenyewe: yangu, yangu, yangu, yangu."

Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia tangu utotoni, kama watoto wote wa nchi hii walivyoyasikia, lakini sikuwahi kuyaona kuwa ni maelezo ya kitaalamu. Kumbe ndivyo yalivyo: swali refu, kisha jibu fupifupi linalorudiwa mpaka linafifia. Yamebeba mpangilio mzima wa ngurumo, mwanzo hadi mwisho. Nembo ya MGM haina hata "yangu" moja.

Kinachonisumbua kidogo ni kwamba studio hii haikukosa nafasi ya kusikia. Kikosi chake kilikuja Afrika Mashariki mwaka 1929 kupiga Trader Horn, iliyotolewa mwaka 1931. Walirudi kwa King Solomon's Mines ya mwaka 1950, iliyozunguka Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo na kupata tuzo ya Oscar ya upigaji picha za rangi. Walirudi tena kwa Mogambo ya mwaka 1953, wakiwa na John Ford, Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly, wakapiga mahema Kenya wakati hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ilikuwa imeanza kuuma. Hilo jina Mogambo, nidokeze kwa kuwa siwezi kujizuia, lilisambazwa ughaibuni kama neno la Kiswahili lenye maana ya shauku kubwa. Msomaji wa Kiswahili na alitafute katika kamusi yake, kisha anipigie. Watu hao walilala miezi kadhaa katika mahema ambamo simba husikika kila usiku, wakarudi California, na wakaendelea kumfungulia mlango simba anayefoka.

Mwaka 2021 Leo naye alistaafishwa, na nafasi yake ikachukuliwa na simba aliyetengenezwa kwa kompyuta kwa kumfuata yeye. Maandishi yanang'aa kama dhahabu iliyotoka kusuguliwa, na kauli ya Kilatini inaonekana kwanza kwa Kiingereza kabla ya kugeuka, kana kwamba wamechoka kuulizwa maana yake. Mwaka uliofuata Amazon iliinunua studio yenyewe kwa takriban dola bilioni 8.5. Simba huyu mpya amechorwa kwa ustadi ambao sina ubishi nao. Unaweza kuhesabu nywele moja moja. Ila amechorwa akifanya kilekile alichokifanya Leo, uso uleule wa kufoka, ingawa safari hii hakuna fimbo, hakuna mwalimu, hakuna mtu aliyemsimamia karibu. Wangeweza kumfanya anene chochote. Kompyuta haiumwi wala haichoki. Wakachagua kuiga hasira ya simba wa mwaka 1957 na kuiwekea koo la simbamarara wa mwaka 1982. Ningekuwa na neno katika chumba kile, ningewaomba wamrudishe Slats, anyamaze, atazame pembeni, basi.

Hayo yote nilimwandikia shangazi kwa ufupi, au nilichodhani ni ufupi. Alijibu baada ya siku mbili kwamba ameyasoma, kwamba mimi nimefanana na marehemu babu kwa maneno mengi, na kwamba ile picha ya simba mgonjwa tayari alikuwa ameituma katika kundi la kanisa.

Juzi usiku niliamka saa kumi kasoro. Nilitoka hadi langoni nikiwa nimejitanda shuka, nikamkuta soja amesimama, redio yake ameizima, kidole amekiinua ili nisiseme. Ilikuja kutoka upande wa bonde, chini sana mwanzoni, kitu kinachosikika kifuani kabla hakijafika masikioni, ikapanda mara tatu, kisha ikaanza kujijibu. Mzee alikuwa akihesabu kwa vidole, nami nikahesabu pamoja naye kimyakimya. Tulifika kumi na moja, ndipo lori la mchanga linaloelekea Rongai likapita na kuzimeza zilizobaki.